Mimba Ilikuwa ya Wawili

Kadi ya kliniki ya wajawazito huanza na hesabu. Mkunga anataka kujua hii ni mimba ya ngapi, umejifungua mara ngapi, watoto walio hai ni wangapi, na mimba zilizoharibika ni ngapi. Mabenchi ya kliniki zetu yako karibu na meza, kwa hiyo jibu la swali hilo la mwisho husikiwa na wote wanaosubiri. Mwanamke husema "tatu" kwa sauti ya chini, mkunga huandika, kazi ikaendelea. Mume naye mara nyingine yupo, kwa kuwa siku hizi akina baba huombwa waje hudhurio la kwanza wapimwe pamoja na wake zao. Yupo, lakini hakuna anayemuuliza yeye amepoteza mimba ngapi. Swali hilo halipo kwenye kadi. Halipo nyumbani pia, wala msikitini, wala kwenye jumuiya, wala kwenye kikao cha ukoo kitakachoitishwa siku watu watakapochoka kusubiri mtoto. Mimba ikiingia tunaihesabu kuwa ya wawili. Ikitoka inakuwa ya mwanamke peke yake. Kwa niliyoyaona katika nyumba za ndugu na majirani, ndoa nyingi huanza kufa hapo.

Mwaka 2021 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala zilizokadiria kwamba kila mwaka duniani huharibika mimba milioni 23, yaani 44 kila dakika, na kwamba katika kila mimba mia zilizokwisha kutambuliwa, 15 hivi hazifiki. Kupoteza mimba moja, basi, humpata mwanamke yeyote. Kupoteza mbili huwapata kama wawili katika mia, na tatu au zaidi hawafiki hata mmoja katika mia. Uchache huo ndio unaomwacha mtu peke yake. Aliyepoteza mimba moja atampata shangazi, jirani, mfanyakazi mwenzake wa kumwambia "hata mimi yalinipata". Aliyepoteza ya nne hampati. "Mungu atakupa mwingine" husemwa mara ya kwanza kwa huruma ya kweli na mara ya pili kwa mazoea. Mara ya tatu watu hunyamaza, na katika kunyamaza kwao mna mashaka tayari.

Nianze na mwili, kwa sababu ndio tunaouharakisha kuliko vyote. Mimba ya wiki nane au kumi inapotoka, damu yaweza kumwagika kiasi cha kumwacha mwanamke hana nguvu ya kusimama, na wengi wetu huingia kwenye ujauzito damu tayari iko chini kwa malaria, minyoo na chakula duni. Mabaki yakisalia ndani huoza, homa ikapanda. Akisafishwa kizazi kwa chuma cha kukwangua, mara hii na mara nyingine tena, kuta za kizazi zinaweza kushikana kwa makovu, na makovu yale yakawa sababu ya mimba nyingine kutoka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka watu wafyonzwe kwa pampu au wapewe dawa, wasikwanguliwe. Na madhara hayaishii kwenye kizazi. Makala zile za Lancet zilieleza kwamba waliopoteza mimba mara kwa mara wako katika hatari zaidi ya kujifungua njiti baadaye, na miaka ikisonga, ya kuugua moyo na kugandwa na damu kwenye mishipa. Mama wa miaka 55 anayehudhuria kliniki ya presha leo, mimba zake tano za ujanani zilizotoka ni habari ambayo daktari wake angepaswa kuwa nayo. Haulizwi, naye hasemi.

Kisha kuna nafsi. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 650 waliopoteza mimba changa au waliopata mimba nje ya kizazi. Mwezi mmoja baadaye, 29 katika kila mia walikuwa na dalili zilezile za kiwewe zinazoonekana kwa watu waliotoka vitani au kwenye ajali mbaya: jinamizi, kushtuka, kukwepa kila kinachokumbusha. Miezi tisa baadaye, wakati ambao wengine walitarajia wawe wamesahau, 18 katika mia walikuwa bado nazo. Wengi wa wanawake hao walipoteza mimba moja tu. Anayeingia chooni kila saa kuangalia kama kuna damu, anayeogopa kikohozi chake mwenyewe, aliyeacha kwenda kwenye aqiqa na ubatizo kwa miaka, huyo hajapata hata jina la ugonjwa wake katika mazungumzo yetu. Husemwa tu kwamba amekuwa mkali siku hizi.

Tazama tunavyomtunza aliyejifungua. Anakaa ndani siku arobaini. Mama yake au shangazi amekuja kutoka kijijini na kifurushi cha kanga, analala naye chumba kimoja, anampikia uji wa pilipili manga, anamkanda kwa maji ya moto, anampokea mtoto usiku. Hata familia maskini hujinyima ili mzazi apate supu. Aliyeharibikiwa mimba ya miezi mitatu anarudi kwa bajaji jioni, na siku ya tatu yuko bombani na ndoo. Kama ameajiriwa, daktari atampa ED, yaani ruhusa ya kupumzika, ya siku chache, na atarudi kazini akiwa bado anavuja. Dini zetu zilimwona mapema kuliko sisi. Sharia ya Kiislamu humhesabu aliyetokwa na mimba iliyokwisha kuanza kuumbika kuwa yuko katika nifasi, akaondolewa sala na saumu kama mzazi mwingine. Na kiumbe kilichofikisha miezi minne huoshwa, huvikwa sanda, huzikwa. Wapo watunga sheria waliomwona pia. India tangu 1961 inampa mfanyakazi aliyeharibikiwa mimba likizo ya wiki sita. Ufilipino, kwa sheria ya 2019, siku 60. New Zealand mwaka 2021 iliweka siku tatu tu, lakini ikaziweka kwa wote wawili, mama na mwenzi wake, na ikaziita likizo ya msiba. Siku tatu ni chache. Hata hivyo sheria hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zile nyingine, kwa sababu imemtambua baba kuwa ni mfiwa.

Kwetu Tanzania, mwanamke anayefika hospitali anatoka damu huweza kukutana kwanza na swali la "umekunywa nini?" Utoaji wa mimba ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na woga wa sheria hiyo umejenga tabia ya kumshuku kila anayevuja damu. Mwenye ndoa ya miaka saba, aliyeomba mtoto kwa machozi na nadhiri, anajikuta akijitetea mbele ya kijana mwenye koti jeupe kwamba hakuitoa. Akishatendewa hivyo mara moja, safari ya pili atangoja nyumbani hadi azimie. Hapo tunakuwa tumehatarisha uhai wa mtu kwa dharau tu.

Nyumbani hukumu imeshatoka. Mawifi wanajua: ni chango. Jirani anajua: ana jini mahaba, hataki azae na binadamu. Mama mkwe anakumbuka kwamba binti huyu alikaa mjini peke yake kabla ya kuolewa, na hamalizi sentensi. Mama mzazi naye, kwa upande wake, anamshuku mama mkwe. Watakwenda kwa mganga, na sitaki kuwacheka wanaokwenda. Mganga ana kitu ambacho hospitali nyingi hazina: muda. Huwakalisha mume na mke pamoja, huuliza habari za nyumba, za ndoto, za ugomvi uliopita, na huwapa sababu. Daktari mwenye foleni ya watu themanini huwaambia "hutokea, jaribuni tena", wakatoka wakiwa na maswali yaleyale. Ila sababu ya mganga karibu kila mara ina mtu ndani yake. Wifi kafunga kizazi, jirani katupa kitu mlangoni, mke kaja na mzimu wa kwao. Wanarudi na kombe na hirizi na adui mpya, na mimba ya nne inaingia katika nyumba ambayo haisemeshani tena na nusu ya ukoo.

Sayansi inasema nini kuhusu kosa? Katika mimba changa zinazotoka, karibu nusu au zaidi hutoka kwa sababu kromosomu za kiumbe hazikujipanga sawasawa tangu siku ya kwanza, yai la mama na mbegu ya baba vilipokutana. Hakuna ndoo ya maji, ugomvi, pikipiki wala tendo la ndoa lililosababisha, na hakuna ushahidi kwamba kulala kitandani wiki nzima kungeizuia. Umri wa mama unahusika sana. Aliye katika miaka ya ishirini hupoteza kama mimba moja katika kumi. Akishapita arobaini, hatari hukaribia nusu. Umri wa baba nao unahusika, hasa akipita miaka 40, na sigara yake, na mbegu zenye vinasaba vilivyoharibika. Katika wenzi wachache, mmoja wao amebeba kromosomu zilizobadilishana vipande. Yeye mwenyewe ni mzima kabisa, lakini baadhi ya watoto wake hushindwa kuumbika, na mtu huyo anaweza kuwa mume kama anavyoweza kuwa mke. Kaswende, ambayo mara nyingi huua mimba iliyokwisha kukua, huja nyumbani kupitia yeyote kati ya wawili. Kundi la damu la Rh hasi huwa hatari kwa mimba zinazofuata kwa sababu tu baba ni Rh chanya na mtoto amerithi kwake.

Hili la damu linanikumbusha nyumba ya kifalme ya Uingereza, ambayo mimba zake ziliandikwa kwa makini kwa kuwa ziliamua nani atarithi kiti. Henry wa Nane alimwoa Catherine wa Aragon mwaka 1509. Mimba baada ya mimba zilipotea au vichanga vikafa, akapona binti mmoja tu, Mary. Mfalme hakujiuliza habari zake mwenyewe. Mwaka 1533 ndoa ikatangazwa batili na Uingereza ikaachana na Roma. Mke wa pili, Anne Boleyn, alimzaa Elizabeth, kisha mimba ikamtoka Januari 1536; Mei mwaka uleule alikatwa kichwa, kwa mashtaka ya uzinzi na uhaini. Karibu karne tano baadaye watafiti wawili walitoa hoja kwamba huenda Henry ndiye aliyebeba aina ya damu iitwayo Kell chanya, ambayo hufanya mwili wa mke kuishambulia mimba ya pili na zinazofuata. Ni dhana, hakuna mfupa uliopimwa. Lakini yatosha kumfanya mtu anyamaze kidogo kabla ya kunyoosha kidole.

Nyumba ileile ilitoa mfano wa pili. Malkia mwingine aliyeitwa Anne alibeba mimba 17. Nyingi zilitoka au watoto wakazaliwa wamekufa, na waliozaliwa hai hakuna aliyefika utu uzima; mvulana aliyeishi kuliko wote alikufa mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Mwanzoni mwa 1687, katika wiki chache tu, Anne alipoteza mimba na kisha mabinti wawili wadogo kwa ndui. Barua ya wakati ule inawaeleza yeye na mumewe, George wa Denmark, wakilia, wakizungumza, kisha wakikaa kimya wameshikana mikono. George alikuwa na kila kisingizio ambacho Henry alikuwa nacho. Alibaki kwa mkewe miaka 25, hadi kifo chake mwaka 1708. Sababu ya mimba zile kupotea haikujulikana na yeyote wa wakati wao, na George hakuihitaji ili akae.

Wanaume wetu wengi, naamini, wangekuwa kama George kama wangeachiwa nafasi. Nimeona mwanamume akitoka hospitali na mfuko mdogo mweusi, akachimba nyuma ya nyumba kwa jembe la jirani, akanawa, akaenda kijiweni akaombwa achangie hoja ya mpira. Hakupewa pole hata moja, maana hajaumwa popote. Alichokipata ni ushauri: oa mwingine. Usiku anarudi kwa mke ambaye naye amejifunza kutolia mbele yake ili asimchoshe. Kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kukaa kimya, na kila mmoja anautafsiri ukimya wa mwenzake kuwa ni kutojali. Kitanda nacho kimebadilika. Tendo la ndoa limekuwa la kalenda, au limekwisha kabisa, kwa kuwa mwanamke anaogopa mimba kama anavyoitamani. Akiba imekwenda kwa vipimo, waganga na nauli. Ndipo wanapoanza kulala mmoja akitazama ukuta.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2010, uliotumia takwimu za Marekani, ulikuta kwamba wenzi waliopoteza mimba walikuwa na uwezekano wa kuachana uliozidi kwa asilimia 22 ule wa wenzi ambao mimba yao ilizaa mtoto hai. Kwa waliozaa mtoto mfu ulizidi kwa asilimia 40. Na huko hakuna kikao cha ukoo, wala mama mkwe anayehamia chumba cha pili kusimamia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, inapotaja katika kifungu cha 107 mambo ya kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, inataja ugoni, ukatili, kutelekezwa, kifungo, wendawazimu na mengineyo. Kuharibikiwa mimba hakumo. Sheria hiyohiyo inasema ndoa ya mke mmoja haigeuki kuwa ya wake wengi kwa uamuzi wa mume pekee; sharti wote wawili wakiri kwa hiari. Wanawake wangapi wanalijua hilo siku wanapoambiwa wahamie chumba kidogo kumpisha mgeni?

Na linaloniuma zaidi ni kwamba wengi wa wanaoachwa wangezaa. Hata baada ya mimba tatu kutoka bila sababu kujulikana, kwa kadiri wawili katika watatu hufanikiwa mimba inayofuata. Zikipatikana sababu, nyingi zina dawa. Mlango wa kizazi uliolegea hushonwa. Daktari Shirodkar wa Bombay alieleza njia yake mwaka 1955, na mshono huo hufanyika hadi leo. Kama 15 katika mia ya wanaopoteza mimba mara kwa mara wana kingamwili zinazogandisha damu kwenye kondo la nyuma, na hao hutibiwa kwa aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini. Sukari hutulizwa, tezi la shingo hutibiwa. Mwaka 2019 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi na ambao mimba mpya imeanza kutoa damu, homoni ya projesteroni iliongeza waliojifungua mtoto hai kutoka 57 hadi 72 katika mia. Na miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1984, madaktari wa Oslo walieleza habari za kikundi kidogo cha wenzi wasiokuwa na sababu yoyote iliyoonekana. Waliopewa kliniki ya karibu, kupimwa kila wiki na kutulizwa, 86 katika mia walifanikiwa. Waliobaki na huduma ya kawaida, 33. Kikundi kilikuwa kidogo na hakikupangwa kwa kura, hivyo si ushahidi wa mwisho. Lakini tumtulize mama, nani atadhurika?

Mkunga unayejaza kadi, kisanduku cha mimba zilizoharibika kikisomeka mbili au zaidi, usiandike tu ukaendelea. Sogeza kiti, funga mlango kama upo, na umpe rufaa kabla mimba hii haijaanza kusumbua. Mama mkwe, mkamwana wako aliyeharibikiwa anahitaji uji uleule na arobaini ileile, mpikie.

Na wewe mume, maana makala hii nimeiandika kwa ajili yako hasa. Mimba ya pili ikitoka, nenda naye hospitali, ingia chumba cha daktari, na useme nawe unataka kupimwa. Uliza kaswende, kundi la damu na sukari, vyenu wote wawili. Kwake yeye uliza ultrasaundi ya kizazi, tezi la shingo, na kipimo cha kingamwili za kugandisha damu. Ukivuta, acha. Watu wa kwenu wakianza kuuliza mtoto yuko wapi, jibu wewe, usimwachie yeye, na uwaambie mmefiwa. Kisha rudi nyumbani umwambie mkeo kwamba nawe unaumia, kwa maneno, usiku huohuo.